Kazi ya Dodoma: Kijana asubiri kijijini, mahindi yabaki ghalani

KILA mwaka mahindi yanapoanza kukauka katika mashamba ya Nyanda za Juu Kusini, huanza pia safari za vijana kwenda mjini kutafuta kazi. Kijana amemaliza chuo, cheti kipo mkononi, na kijijini hakuna ofisi ya kumwajiri. Wazazi wanakaa kikao. Wanakubaliana yatolewe magunia kadhaa, yauzwe kwa mchuuzi aliyepo wakati huo, na mtoto apewe nauli na fedha za kuanzia maisha.

Zamani safari hiyo ilikuwa ya Dar es Salaam. Siku hizi nyingi zinaelekea Dodoma.

Sababu inaeleweka. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulifanywa mwaka 1973, lakini kwa zaidi ya miaka 40 wizara nyingi zilibaki Dar es Salaam. Julai 2016 Rais John Magufuli alitangaza kwamba Serikali inahamia huko, na Septemba mwaka huohuo Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akatangulia. Aprili 26, 2018 Dodoma ikatangazwa kuwa jiji, na Oktoba 2019 Rais mwenyewe akahamia.

Watu nao walifuata. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu wakazi 410,956 katika Manispaa ya Dodoma. Sensa ya mwaka 2022 ilikuta wakazi 765,179 katika Jiji. Palipoongezeka watu kiasi hicho panahitajika wajenzi, wahasibu, wapishi, walinzi, mafundi na wauza mboga, na habari hizo zimefika hadi kijiji cha mwisho.

Kwa mtu wa Njombe au Iringa kuna jambo la ziada. Barabara ya lami ya Iringa hadi Dodoma kupitia Mtera imefupisha safari ambayo wengi walikuwa wakiizungushia Morogoro. Unatoka alfajiri, jioni umefika.

Makala haya hayamkatazi kijana kwenda. Swali ni lini aende, na nani analipia siku za kusubiri. Ukiiweka safari hii kwenye daftari kama unavyoweka gharama za mbolea na palizi, utaona kwamba kinachomaliza fedha ya familia si nauli wala barua za maombi. Ni kukaa mjini bila kazi. Na kusubiri ni kitu ambacho kinaweza kufanyika nyumbani kwa gharama ndogo zaidi.

Hesabu ya magunia

Tuchukue mfano. Namba hizi ni za kuonyesha njia tu. Kila msomaji aweke za kwake.

Kijana anatoka Njombe mwezi Julai. Nauli ni Sh40,000. Chumba anachopata ni cha Sh50,000 kwa mwezi, lakini mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, kama ilivyo kawaida katika miji yetu. Hapo ni Sh300,000, na dalali anachukua kodi ya mwezi mmoja, Sh50,000. Godoro, ndoo, jiko na sufuria ni Sh150,000. Chakula pamoja na nauli za daladala na bodaboda tuweke Sh5,000 kwa siku, ambayo kwa siku 90 ni Sh450,000. Vocha na kutoa nakala za vyeti ni Sh30,000.

Jumla ni Sh1,020,000 kwa miezi mitatu, na hatujaweka ugonjwa wala msiba.

Sasa geuza fedha hiyo iwe mahindi. Kama gunia la kilo 100 linauzwa Sh50,000 wakati wa mavuno, kijana ameondoka na magunia 20 na debe mbili. Kwa familia inayovuna magunia 12 kwa ekari, hayo ni mavuno ya ekari moja na robo tatu hivi. Kama gunia hilohilo lingeuzwa Januari kwa Sh80,000, safari ileile ingegharimu magunia yasiyofika 13.

Hapa ndipo penye kidonda. Familia inayompeleka mtoto mjini baada ya mavuno inauza wakati ambao kila jirani anauza, yaani bei ikiwa chini. Mchuuzi anajua kwamba basi linaondoka Jumatatu, na bei anayotoa Jumapili inaonyesha kwamba anajua.

Upande wa pili, kijana huyohuyo abaki nyumbani miezi hiyo mitatu akitafuta kazi kwa simu. Bando na muda wa maongezi Sh10,000 kwa mwezi, jumla Sh30,000. Kuskani vyeti na kutoa nakala kwenye steshenari ya mjini Njombe au Makambako, Sh20,000. Tuseme ameitwa kwenye usaili mara mbili na akasafiri mara zote mbili: nauli ya kwenda na kurudi Sh80,000, gesti na chakula kwa siku tatu Sh75,000, hivyo kila safari ni Sh155,000. Safari mbili ni Sh310,000.

Jumla ni Sh360,000. Kwa bei ya mavuno ni magunia saba na debe moja. Na kwa kuwa fedha hiyo haihitajiki yote siku moja, familia inaweza kuuza magunia mawili mawili kadiri barua zinavyoingia.

Nikiri hapa kwamba kungoja bei kuna hatari zake. Mahindi yasiyohifadhiwa vizuri huliwa na dumuzi, na ndiyo maana mifuko isiyopitisha hewa imekuwa na faida kwa wengi. Bei nayo si lazima ipande. Mwaka 2017 Serikali ilizuia kuuza mahindi nje ya nchi, na waliokuwa wamehifadhi wakitarajia bei nzuri waliona soko likiporomoka. Lakini hata kama Januari bei itakuwa ileile ya Julai, magunia saba bado ni machache kuliko 20.

Fundisho la Nairobi

Wachumi wamelitazama jambo hili kwa muda mrefu. Mwaka 1970 John Harris na Michael Todaro walichapisha makala iliyokuja kufundishwa vyuoni duniani kote, na Kenya ilikuwa ndiyo mfano ulio nyuma ya fikra zao. Walijiuliza kwa nini watu huendelea kuhamia mjini hata pale mjini kumejaa wasio na kazi.

Jibu lao ni rahisi kwa mtu anayejua kilimo. Mkulima hapandi kwa kutazama mavuno ya mwaka mzuri tu. Anatazama pia mvua inaweza isinyeshe. Vivyo hivyo anayehama hafuati mshahara, anafuata mshahara ukipunguzwa na uwezekano wa kuukosa. Kazi ya Sh300,000 ambayo watu watano wanaigombea ina thamani ya Sh60,000 kwa kila mmoja wao kabla haijajulikana nani ataipata.

Kenya ililiona hilo mwaka 1964. Serikali, waajiri na vyama vya wafanyakazi walikubaliana kwamba waajiri waongeze idadi ya wafanyakazi, na wafanyakazi nao wasidai nyongeza ya mishahara. Nafasi ziliongezwa kweli. Lakini habari ilipoenea, watu wengi zaidi ya nafasi hizo wakajitokeza kutafuta kazi, na tatizo lililokusudiwa kupunguzwa likaonekana kubwa zaidi. Anayesikia leo kwamba Dodoma kuna kazi akumbuke kwamba hajasikia peke yake.

Jambo moja katika fikra za wakati ule limebadilika. Zamani ili uhesabiwe miongoni mwa wanaoitafuta kazi ya mjini ilikulazimu uwe mjini, usimame getini, usome ubao wa matangazo. Leo kwa kazi nyingi za vyeti foleni hiyo imehamia kwenye simu. Kijana wa Ludewa na kijana anayeishi Area C wanaisoma nafasi hiyohiyo siku hiyohiyo. Tofauti yao ni kwamba mmoja anakula ugali wa nyumbani.

Kazi za Serikali hazimtambui mkazi wa Dodoma

Wako wanaoamini kwamba ukiwa karibu na wizara unakuwa karibu na ajira. Kwa ajira za Serikali hili si kweli, na naona limewagharimu watu fedha nyingi.

Nafasi nyingi za utumishi wa umma hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma na maombi hupokelewa kwa mfumo wa Ajira Portal. Kuomba ni bure. Unajisajili kwa namba yako ya NIDA, unapakia vyeti, unatuma. Mfumo haukuongezei alama kwa kuwa umepanga chumba Chang'ombe. Na ukifaulu unaweza kupangiwa halmashauri yoyote nchini, hata ile uliyotoka.

Kati ya siku ya kuomba na siku ya usaili aghalabu miezi hupita. Matangazo ya kuitwa kwenye usaili husema wazi kwamba kila msailiwa atajigharamia chakula, usafiri na malazi. Kwa hiyo fedha ya kulinda ni ya safari ile moja ya usaili, siyo ya kulala mjini miezi yote kabla yake.

Katika miaka ya karibuni baadhi ya usaili umefanyika mikoani, na mahali mwombaji anapopangiwa hutegemea anuani ya makazi aliyoijaza kwenye akaunti yake. Aliyeandika Dodoma ili aonekane yuko karibu anaweza kujikuta anasafiri kilometa mamia kwa usaili ambao jirani yake ameufanyia mkoani kwao. Andika unapoishi kweli.

Wanaofaulu usaili lakini nafasi zikawa hazitoshi huwekwa kwenye kanzidata na wanaweza kupangiwa kazi baadaye nafasi zikipatikana, bila usaili mwingine. Hilo nalo halihitaji mtu kukaa mjini. Linahitaji simu iwe hewani.

Kinachowaangusha waombaji wa vijijini mara nyingi ni makaratasi. Majina ya cheti cha kuzaliwa hayafanani na ya cheti cha kidato cha nne. Moja lina Mwita, jingine halina. Matangazo ya usaili hutaka hati ya kiapo iliyosajiliwa pale majina yanapotofautiana, na hukataa hati za matokeo ya muda badala ya cheti chenyewe. Mambo haya hutengenezwa kwa wiki kadhaa kupitia RITA, chuo ulichosoma na mwanasheria. Miezi ya Agosti hadi Oktoba, shamba likiwa limepumzika, ndiyo ya kuyamaliza.

Mwajiri binafsi na hofu yake

Kwa kampuni, shule binafsi, viwanda vya alizeti na vya mvinyo, maghala ya nafaka na mashirika yasiyo ya kiserikali, mambo ni tofauti kidogo. Hapa kuna mtu anayesoma barua yako, na mtu huyo ana hofu akiona anuani ya mbali. Anajiuliza: huyu akiitwa Jumatano, atafika Ijumaa? Atanidai fedha ya kuhama? Atakaa mwezi mmoja akumbuke kwao?

Usimfiche, mjibu kabla hajauliza. Sentensi mbili katika barua zinatosha: kwamba unaishi Njombe na uko tayari kufika kwa usaili ukiarifiwa siku tatu kabla, na kwamba ukipata kazi utaripoti ndani ya siku saba. Kama una ndugu wa kukupokea, sema. Wapo wanaoandika anuani ya shangazi aliyeko Dodoma ili waonekane wenyeji. Njia hiyo inavunjika siku mwajiri anapopiga simu asubuhi na kusema, "Njoo saa nane mchana."

Kuhusu simu, msomaji wa mjini atacheka lakini wa kijijini ataelewa. Ofisi hupiga saa tatu asubuhi, wakati kijana yuko shambani bondeni ambako hakuna mtandao, na haipigi mara ya pili. Weka namba mbili kwenye barua, na ya pili iwe ya mtu anayeshinda penye mtandao: mwalimu, mwenye duka, mtendaji. Mwombe mtu huyo mapema na umwambie jina la kila ofisi uliyoiandikia, asije akadhani ni matapeli akakata.

Maana matapeli wapo, na mtu wa mbali ndiye windo lao, kwa kuwa hawezi kwenda kuliona jengo. Wanatuma ujumbe kwamba umechaguliwa, kisha wanadai fedha ya fomu, ya vipimo vya afya au ya sare, itumwe kwa namba ya simu ya mtu binafsi. Mwajiri anayekuhitaji hakuuzii kazi. Kabla ya kutuma hata Sh5,000, mtafute mtu mmoja aliyeko Dodoma aende akaone kama ofisi ipo. Hapo ndipo mliosoma pamoja UDOM, SUA au Uyole mnapofaana.

Wakala wa Huduma za Ajira Tanzania, TaESA, pia husajili watafuta kazi na kuwaunganisha na waajiri. Kujiandikisha huko hakuzuii njia nyingine.

Andika mahali ulipoajiriwa

Kuna faida moja ya kuajiriwa ukiwa mbali ambayo wengi hawaijui, na ina thamani ya fedha.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya maandishi anapoanza kazi. Miongoni mwa maelezo hayo, pamoja na kazi yenyewe, saa za kazi na ujira, ni mahali mfanyakazi alipoajiriwa. Sheria hiyohiyo inasema mkataba ukisitishwa mahali tofauti na pale mtu alipoajiriwa, mwajiri anatakiwa amsafirishe pamoja na mizigo yake hadi mahali alipoajiriwa, au amlipie usafiri huo, au ampe posho ya usafiri isiyopungua nauli ya basi. Siku za kusubiri kusafirishwa nazo zina posho ya kujikimu.

Tazama maana yake. Kijana aliyehamia Dodoma kwa fedha yake, akazunguka miezi miwili, akapata kazi, ameajiriwa Dodoma. Siku kazi ikiisha, kurudi Njombe ni juu yake. Aliyeitwa na mwajiri akiwa Njombe ana hoja kwamba aliajiriwa Njombe, na nauli yake na ya kitanda chake ya kurudi ni juu ya mwajiri.

Hoja hiyo inasimama kwa ushahidi. Tunza ujumbe wa simu uliokuita, tunza barua pepe, na usisaini mkataba ambao sehemu ya mahali pa kuajiriwa imeachwa wazi au imejazwa Dodoma wakati uliitwa ukiwa kwenu. Ni mstari mmoja tu katika karatasi, wengi huuruka wakikimbilia mstari wa mshahara.

Jambo hili linawahusu zaidi mabinti wanaochukuliwa kutoka vijijini kwenda kufanya kazi za ndani. Wao ndio hasa wanaoajiriwa kwa mbali: mtu anapiga simu, mama anamwandaa mtoto, nauli inatumwa, binti anapandishwa basi. Mara nyingi hakuna karatasi yoyote, na nauli ile ya kuja inageuka deni linalokatwa kwenye mshahara. Wakikosana, binti anaachwa stendi na begi lake. Mzazi anayemtoa binti yake adai karatasi, hata ya ukurasa mmoja, yenye kijiji alikotoka, mshahara, na nani analipa nauli ya kurudi. Asiyetaka kuandika ukurasa mmoja hastahili kupewa mtoto wa mtu.

Na kama mgogoro umetokea, usirudi kijijini kwanza ukapumzike hadi mavuno. Malalamiko ya kuachishwa kazi isivyo halali hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30. Migogoro mingine ya kikazi ina siku 60.

Kazi zisizotafutwa kwa simu

Si kila kazi inapatikana hivi. Kibarua cha ujenzi, kazi ya duka, upishi wa mgahawa, kupakia mizigo, kufyeka na kukata matawi katika mashamba ya zabibu, hizi hupewa mtu aliyepo na anayeonekana. Kwa kazi za namna hii kijana lazima aende.

Aende basi, ila kwa tarehe. Familia ipange kabla: anaondoka lini, anarudi lini kama hakupata, na kiasi gani hakiguswi kwa kuwa ni nauli ya kurudi. Kwa mkulima wa msimu mmoja wakati mzuri ni kati ya mwisho wa mavuno na Novemba, kabla ya kupanda, kwa sababu siku zake shambani wakati huo zina thamani ndogo. Anayeondoka Desemba palizi ikikaribia ameigharimu familia mara mbili: fedha aliyochukua, na kibarua atakayelipwa kushika jembe lake.

Akifikia kwa ndugu, kodi ya miezi sita inaepukika, lakini wenyeji nao wana hesabu yao. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Na mjini jembe halipo, kwa hiyo mgeni anaweza kukaa siku 60 bila kupewa chochote cha kufanya huku mama mwenye nyumba akihesabu sukari. Gunia la mahindi na debe la maharage kwa mjomba, na neno la wazi, "Shikamoo mjomba, nimekuja kwa wiki nne," huokoa udugu kuliko zawadi itakayoletwa siku mshahara ukitoka.

Barua ya utambulisho ya serikali ya kijiji isisahaulike. Mwenyekiti wa mtaa ataiomba, na mwenye nyumba pia.

Anayehamisha biashara

Mfanyabiashara mdogo anayetaka kuhamia Dodoma naye anatafuta kazi kwa mbali, ila mwajiri wake ni wateja asiowajua. Cherehani au jiko lake lisipande lori kabla yeye hajakaa mjini angalau wiki moja akihesabu watu.

Achague wiki hiyo kwa uangalifu. Bunge linapokaa, hasa mkutano wa bajeti wa Aprili hadi Juni, gesti hujaa na migahawa huuza. Anayekuja kupeleleza mwezi Mei ataona jiji ambalo halipo mwezi Julai. Bora aje Bunge likiwa limeahirishwa. Biashara ikilipa wiki hiyo, Mei itamlipa zaidi.

Wateja pia wamehama ndani ya jiji lenyewe. Ofisi nyingi za wizara ziko Mji wa Serikali Mtumba, nje ya katikati ya jiji upande wa barabara ya Dar es Salaam. Stendi kuu ya mabasi na soko la Job Ndugai viko Nzuguni. Mama lishe anayelipa kodi kubwa karibu na soko la zamani la Majengo akitarajia watumishi wa wizara anaweza kukuta wanakula chakula cha mchana kilometa nyingi kutoka hapo.

Aulize maji. Dodoma ni nchi kavu yenye msimu mmoja wa mvua, na jiji limetegemea kwa miaka mingi visima vya Makutupora. Katika mitaa mingi maji ya bomba huja kwa zamu. Kwa muuza chakula, mwosha magari au mwenye saluni, maji ni malighafi. Chumba cha Sh50,000 kisicho na maji kinaweza kuwa ghali kuliko cha Sh70,000 chenye tangi.

Kuhusu makaratasi, TIN yake ni moja nchi nzima na anahama nayo, ila aijulishe TRA kwamba amehamisha makazi ya biashara. Leseni haihami. Ya Halmashauri ya Makambako haifanyi kazi Dodoma, na mpya itaombwa Jiji kwa anuani ya mahali pa biashara. Kwa hiyo ni vizuri kuvumilia leseni ya zamani ikaribie kuisha kuliko kulipia mbili ndani ya mwaka mmoja.

Mwisho, asiuze kila kitu alikotoka. Anayetoka Njombe anajua viazi, anajua nani ana shamba zuri na nani huchanganya viazi vibovu chini ya gunia, na Dodoma hula viazi ambavyo haivilimi. Nimeona wafanyabiashara waliohamia kwa ajili ya cherehani na baada ya muda wakawa wanaishi kwa magunia matano ya viazi yanayoshushwa Nzuguni kila Alhamisi, wakilipana na jirani wa kijijini kwa simu. Cherehani bado ipo, imefunikwa kitambaa pembeni mwa chumba.